Barua za Mume na Mke Waliotengwa na Safari

Wazee wetu husema kwamba barua ni nusu ya kuonana. Usemi huu twausikia mara nyingi, na mara nyingi twaukubali bila ya kuupima. Katika mazungumzo haya twataka kuupima kwa jambo moja tu, nalo ni barua za mume na mke waliotengwa na safari, mmoja yuko kazini mbali na mwenziwe amebaki kulinda nyumba. Mume na mke wakionana uso kwa uso huwa ni watu wawili. Lakini barua zao, kwa muda wa miaka mingi sana, zilikuwa na watu watatu ndani yake, au wanne, hata watano. Basi hiyo nusu ya kuonana ilikuwa ya nani?

Tuanzie Namawala, katika bonde la Kilombero, upande wa magharibi wa Ifakara. Wataalamu wa malaria walijua sana jina la kijiji hiki kwa ajili ya mbu waliochunguzwa pale tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini wenyeji hukijua kwa mpunga. Masika ikifika, mto hupanda juu ya kingo zake na mbuga hugeuka kuwa ziwa la majani. Wakati wa kulinda mpunga, jamaa nyingi huhama nyumba zao za kijijini na kukaa shambani juu ya dungu, kufukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Kazi hii yataka watu wengi, na hasa yataka mume awepo. Walakini ndiyo iliyozoea kufanywa na mke na watoto peke yao, kwa kuwa mume alikuwa amekwenda kutafuta fedha ya kodi na nguo.

Alikwenda wapi? Wengi walikwenda katika mashamba ya mkonge, Kilosa, Morogoro, na mbali zaidi huko Tanga. Mwaka wa 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kutafutia wafanyakazi, likaitwa SILABU, nalo likachukua watu kutoka wilaya za mbali kwa mkataba. Hao ndio walioitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wengine waliingia jeshini, na habari zao tutazieleza mbele. Baadaye, tangu mwanzo wa miaka ya 1960, kiwanda cha sukari kilipoanza upande wa Kidatu, baadhi ya waume waliweza kupata kazi ya mshahara ndani ya bonde lenyewe, na mwendo wa kwenda nyumbani ukawa mfupi.

Sasa fikirini njia ya barua. Imetoka Tanga, ikafika Kilosa. Kutoka Kilosa ikachukuliwa na motokaa mpaka Kidatu na Ifakara, ikiwa ni kiangazi. Ikiwa ni masika barabara hufungwa kwa matope, na barua hukaa. Ifakara ikalazwa posta, au misioni, au dukani kwa mtu anayefahamika, mpaka apatikane msafiri wa kwenda Namawala. Msafiri akifika huko akauta mlango umefungwa, kwa maana mwenye barua yuko shambani, juu ya dungu, na njia ya kwenda huko ni ya mtumbwi. Haikuwa ajabu mume kuandika mwezi wa Machi kuuliza kama mpunga umepandwa, na mke akayapata maneno hayo wakati anapovuna. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kupita Ifakara, ndiyo iliyovunja desturi hiyo ya barua kungoja maji yapwe.

Lakini ugumu wa njia si jambo kubwa kuliko yote. Barua ilipofika mkononi mwa mke, mke hakuweza kuisoma. Na huko ilikotoka, mara nyingi mume naye hakuiandika. Huko kambini mkonge alikuwapo mtu mmoja aliyesoma shule ya misioni miaka mitatu au minne, naye alikuwa ndiye mkono wa watu wote. Jumapili walikaa mbele yake kwa zamu, kila mtu na senti zake au sigara zake, wakamwambia ya moyoni huku wenzao wamesimama nyuma wakisubiri na kusikia. Huku nyumbani barua ilisomwa na katekista, au mwalimu, au mtoto wa jirani aliyefika darasa la tatu. Mtoto akasoma kwa kupaza sauti, silabi kwa silabi, na ua mzima ukasikiliza.

Tena kulikuwa na shida ya hati yenyewe. Katika bonde letu waliokwenda misioni walijua herufi za Kirumi, na waliosoma chuoni walijua herufi za Kiarabu, ambazo Kiswahili kiliandikwa kwazo kabla ya Wazungu kuja. Mume Mwislamu akiwa Tanga aliweza kuandikiwa barua nzuri kwa herufi za Kiarabu, ikafika mahali ambapo msomaji wa karibu ni katekista tu. Yule mke akaishika barua kama anavyoshika jiwe, akaenda nayo Ifakara kumtafuta mwalimu wa chuoni.

Mtu akizielewa habari hizi ndipo aelewapo kwa nini barua za zamani za mume kwa mkewe huonekana baridi. Wasomaji wa leo wakizipata hushangaa, wakasema, “Wazee hawa hawakuwapenda wake zao.” Si kweli. Tuseme mume ana neno la mapenzi au la uchungu. Atalisemaje mbele ya mwandishi na foleni ya watu, akijua kwamba litapigiwa kelele na mtoto wa darasa la tatu mbele ya mama mkwe? Kwa hiyo mara nyingi barua haikuandikwa kwa mke hata kidogo. Iliandikwa kwa baba au kwa kaka mkubwa, na mke akapata sehemu yake mwishoni. Hebu tutoe mfano tulioutunga wenyewe kwa namna barua hizo zilivyokuwa:

“Kwa Baba yangu mpendwa. Salamu nyingi sana. Mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwenu ninyi mlio mbali na upeo wa macho yangu. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba barua yenu niliipata. Nimempa mwenzangu anayerudi huko shilingi 12 na kanga doti moja na sabuni miche miwili. Hesabuni vyote mbele ya watu. Shilingi 7 ni za kodi, 3 zako wewe Baba, 2 apewe mama watoto pamoja na kanga. Nisalimie mama, nisalimie shangazi, nisalimie jirani zetu wote wa kulia na kushoto. Mama watoto mwambie simsahau, na lile jambo tulilosemezana usiku ule wa safari alishike vile vile. Watoto wasiende mtoni. Wasalaamu, mimi mwanao.”

Tazameni jinsi barua hii ilivyofanya kazi. Orodha ya salamu, inayotuchosha leo, ilikuwa na maana yake. Barua ilikuwa mkutano. Asiyetajwa jina alirudi kwake na kinyongo, na kinyongo hicho kilimwangukia mke, kwa kuwa ndiye aliyebaki nao. Hesabu ya vitu iliwekwa wazi ili mchukuzi asipunguze njiani, na iliposomwa mbele ya watu, hao watu wote wakawa mashahidi. Na hilo “jambo tulilosemezana” ndiyo barua yenyewe ya mume kwa mke. Ni maneno machache tu, wote wanayasikia wala hawayaelewi, ila mmoja. Twaona kwamba watu waliolazimishwa kusema mbele ya hadhara walibuni mlango mdogo wa nyuma, na kwa mlango huo nyumba nyingi zilihifadhiwa.

Je, shida hii ilikuwa ya watu maskini tu? Hapana. Tutoke bondeni kidogo twende Unguja, katika majumba ya kifalme, katika karne ya kumi na tisa. Sayyid Said bin Sultan alitawala Oman na Unguja pamoja, na wake zake na masuria na watoto wake walikaa katika majumba ya Mtoni na mjini. Mwaka wa 1854 aliondoka kwenda Oman, naye hakurudi hai. Basi kwa muda wa miaka miwili na zaidi nyumba kubwa kama kijiji iliishi kwa barua. Na barua zenyewe zilifuata pepo. Pepo za kusi huanza kama mwezi wa Aprili na kusukuma vyombo kwenda Arabuni. Za kaskazi huanza kama Desemba na kuvirudisha. Kwa hiyo swali lililoulizwa kwa kusi lilijibiwa kwa kaskazi, na jibu la jibu lilingoja kusi nyingine. Mwana wake Khalid, aliyeachiwa madaraka Unguja, alifariki mwezi wa Novemba 1854, na habari za msiba huo zilibidi zivuke bahari zimfuate baba.

Twayajua mengi ya ndani ya majumba hayo kwa sababu binti mmoja wa Sayyid Said aliyaandika. Huyo ni Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Kitabu chake cha kumbukumbu kilipigwa chapa Berlin mwaka 1886. Aeleza kwamba wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Yeye alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, maana mfupa huo ndio uliotumika badala ya kibao cha shule. Mabibi wengine, walipotaka kupeleka habari Oman, walimwita mtu ajuaye kuandika. Huyo mwandishi alibebeshwa maagizo ya watu wengi kwa wakati mmoja, chombo kikiwa tayari kutweka, akayachanganya. Na bibi aliyeagiza hivi akaja kukuta yameandikwa vingine. Binti mfalme mwenye watumishi wasiohesabika, kwa neno hili, alikuwa sawasawa na mke wa manamba wa Namawala. Wote wawili walikopa mkono wa mtu.

Mwisho wa habari hiyo waonyesha pia ubovu wa kutegemea barua. Sayyid Said alifariki melini tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli. Merikebu zilipoonekana karibu na Unguja, nyumba zote zilijiandaa kwa furaha kumpokea bwana wao, kwa kuwa hakuna waraka uliotangulia kuwaambia kwamba wanapokea maiti.

Katika miaka hiyo hiyo, huko Uingereza, wenye mashamba makubwa nao walitengana na wake zao kwa miezi mingi kila mwaka. Bwana alikwenda London katika Bunge, au vitani, au katika makoloni. Bibi alibaki katika nyumba ya shamba na funguo za ghala kiunoni. Yeye ndiye aliyelipa watumishi, aliyeuza nafaka, aliyemwita daktari mtoto alipougua, na yote hayo aliyatolea hesabu kwa barua. Zamani posta ya Uingereza ilikuwa ghali. Kwa kawaida mwenye kuandikiwa ndiye aliyelipa, kwa kadiri ya umbali na idadi ya karatasi, hivyo watu waliandika ukurasa mzima, kisha wakaugeuza ubavu na kuandika tena juu ya maandishi ya kwanza, mistari ikipandana kama nyuzi za mkeka. Wabunge walikuwa na haki ya kupeleka barua bila ya malipo kwa kutia sahihi zao, na jamaa zao waliipenda sana haki hiyo. Tarehe 10 Januari 1840 ulianza mpango wa Rowland Hill, barua isiyozidi nusu aunzi ikaenda popote ndani ya nchi kwa peni moja, na haki ya wabunge ikafutwa.

Huko nako barua ya bwana ilisomwa mezani kwa sauti, watoto na shangazi wakisikia, nayo ilijaa salamu. Tofauti ilikuwa moja tu, lakini ni kubwa: bibi wa Kiingereza wa daraja ile alijua kusoma na kuandika. Alipotaka, aliruka mstari katika kusoma. Alipotaka, alifunga mlango wa chumba chake akaandika la kwake. Tusidhani kwamba kwa hiyo aliishi raha. Mary, mkewe David Livingstone, ambaye hakuwa wa wenye mashamba bali ni binti wa mmisionari, alipelekwa Uingereza kutoka Cape Town mwaka 1852 pamoja na watoto wanne. Mumewe akakata bara kutoka magharibi hadi mashariki, wakaonana tena mwishoni mwa mwaka 1856. Livingstone alipofika Luanda mwaka 1854, akiwa mgonjwa, hakukuta hata barua moja inayomngoja. Na Mary, muda wote huo, alihama nyumba hata nyumba kwa ufukara, akiwaandikia wakuu wa misioni kuomba fedha. Kalamu alikuwa nayo. Mume wa kumjibu kwa wakati hakuwa naye. Watu hulisifu sana jina la Livingstone katika nchi yetu. Sisi twaona kwamba miaka minne na nusu ya Mary nayo yastahili kuhesabiwa katika gharama za safari ile.

Sasa turudi kwetu, tuje kwa askari. Katika vita vya 1939 hadi 1945, Tanganyika ilitoa watu zaidi ya 80,000 katika jeshi, na wengine wa bonde la Kilombero walikuwa miongoni mwao. Walipigana Uhabeshi, wakaenda Madagaska mwaka 1942, kisha wakapelekwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya Tanganyika ndani yake, ilipita bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 na kufika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi wa Desemba. Mtu wa Ifakara aliyeona matope ya Kabaw hakuhitaji kufundishwa matope ni nini.

Barua za wakati huo zilikuwa na watu wengi ndani yake kuliko zote tulizokwisha kuzitaja. Askari alimwambia mwandishi. Mwandishi mara nyingi alikuwa mwalimu wa kikosi, kwa kuwa mwaka 1942 jeshi lilianzisha idara yake ya elimu ya askari. Kisha barua ikapita kwa mkaguzi, ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia siri za vita zisitoke, na pia kusikiliza askari wanasemaje. Kisha bahari, kisha reli, kisha boma, kisha mchukuzi, kisha mtoto wa shule. Hata anwani ilikuwa fumbo, yaani namba, jina, kikosi, na posta ya jeshi. Jina la mahali halikuandikwa. Mke wa Namawala aliyeulizwa mumeo yuko wapi alijibu kwa namba.

Nyumbani, fedha ndiyo iliyoleta maneno. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ikatwe na kulipwa kwa jamaa yake bomani. Boma la wilaya ya Ulanga lilikuwa Mahenge, ng’ambo ya mto na juu ya mlima. Kwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni ni safari ya siku kadha. Kwa hiyo wengine waliandikisha jina la baba au la kaka apokee fedha badala ya mke, wakidhani wamempunguzia taabu. Matokeo yake twayajua sote. Kaka alisema amempa. Mke alisema hajaona kitu. Na kila mmoja akaenda kumtafuta mtu wa kumwandikia barua kwenda Burma. Fikirini yule askari ndani ya handaki, amepata barua mbili kwa siku moja zinazopingana, na zote mbili zina mwandiko wa mtu mmoja, kwa sababu kijijini mwandishi ni huyo huyo.

Tena kulikuwa na uvumi. Mtu mmoja akiwa na chuki alitosha kuandika kwamba mkeo anaonekana na fulani. Askari waliopata habari za namna hii walikosa usingizi, na maofisa wao waliwaandikia Mabwana Shauri wa wilaya wachunguze. Mambo ya chumbani yakawa majalada ya serikali. Mke aliitwa mbele ya jumbe, akaulizwa, na majibu yake yakaandikwa na karani, yakarudi vitani kwa lugha ya ofisi. Tukiulizwa ni nani aliyedhulumiwa zaidi katika habari hizi, tutasema ni mke asiyejua kuandika. Mshitaki wake alikuwa na kalamu, mumewe alikuwa na mwalimu wa kikosi, jumbe alikuwa na karani, na yeye alikuwa na mdomo tu, na mdomo haufiki Burma.

Na wako walioandika pasipo mtu wa kuandikiwa. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani na kuzama kwa muda wa dakika chache tu. Watu karibu 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Habari za meli zilizozama hazikutangazwa upesi wakati wa vita. Ni wake wangapi waliolipa senti zao waandikiwe, “Mume wangu, mpunga mwaka huu ni mzuri,” na barua ikaenda kumtafuta mtu aliye chini ya bahari?

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika kwa kasi ambayo wengi wameisahau. Mwaka wa 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yalifunguliwa chini ya miembe, makanisani, katika maghala ya pamba, na waliojaa humo walikuwa wanawake. Mwaka 1967 Watanzania wazima wasiojua kusoma walikuwa karibu wawili katika kila watatu. Kufikia mwaka 1986 serikali ilihesabu kwamba wamebaki kama mmoja katika kumi. Vitabu vya kisomo vilisema juu ya pamba na mahindi na uji wa mtoto, na ni vema. Lakini walimu waliofundisha madarasa hayo walijua kwamba wengi wa akina mama hawakuja kwa ajili ya pamba. Walikuja ili wasome barua zao wenyewe.

Barua zilipoanza kusomwa na wenyewe, zilibadilika sura. Ile orodha ya salamu ilifupika. “Mwambie mama watoto” ikawa “Mama Rozi, nakuandikia wewe.” Hesabu ya fedha ilikuwa kati ya wawili. Na ugomvi nao uliingia, hili tulitaje bila ya kuficha. Mwandishi wa zamani hakuwa mkono tu, alikuwa pia mzee wa baraza. Mume akisema, “Mwandikie kwamba nikirudi nitamfukuza,” yeye aliandika, “Mumeo ana huzuni kidogo, afadhali umweleze.” Maneno makali mengi yalifia katika kalamu za watu hawa, na ndoa zikapona, na wala hawakupata shukrani. Mume ajuaye kuandika aliyapeleka makali yake yakiwa makali, yakafika yakiwa makali, na mke naye akajibu kwa mkono wake mwenyewe. Pamoja na hayo yote, hatujapata kumsikia mwanamke aliyesema kwamba afadhali arudi kusomewa.

Waliokuwa hodari wa kuandikiana walijifunza mambo mawili ambayo barua za kusomewa hazikuyajua. Kwanza, waliandika tarehe na kutaja ni barua ipi wanayoijibu, kwa kuwa barua hupishana njiani. Mke ameandika mtoto ana homa. Kabla haijafika, ameandika nyingine kwamba mtoto amepona. Mume apata ile ya pili kwanza na hajui homa ipi inayosemwa, kisha ya kwanza yaja, aomba ruhusa, afunga safari, akuta mtoto anacheza. Pili, walijibu maswali ya mwenziwe kabla ya kuuliza ya kwao. Jambo hili laonekana dogo, lakini mtu aliyekaa miezi minne akingoja jibu la swali moja, kisha akapata kurasa mbili za habari nyingine, huyo ajua ukubwa wake.

Leo simu ya mkononi imekuja, na tangu mwaka 2008 fedha nazo hupita kwa simu, wala hazingoji msafiri wa Ifakara. Lakini yule mtu wa tatu hajaondoka kabisa. Nyumba nyingi zina simu moja, naye mtoto ndiye aijuaye. Salamu za baba hutolewa kwa sauti ya juu, na ua mzima husikia kama zamani za barua.

Mtu akitaka leo kusoma maneno ya waume wale wa vita, aweza kuyapata mengine, kwa sababu wakaguzi wa jeshi walinakili sehemu za barua za askari katika taarifa zao, na taarifa hizo zimo katika nyaraka za serikali. Za wake hazikuwekwa hivyo. Zilikwenda Burma, zikalowa mifukoni, zikatumika kuwashia moto au kusokotea sigara. Na zile chache zilizorudi ndani ya masanduku ya askari mwaka 1946, ukizifungua utakuta mwandiko wa katekista.